Sikio la Mstari wa Nyuma

Katika sebule yangu hapa Mavivi, baina ya kalenda ya parokia ambayo mwaka wake umekwisha pita na saa ya ukutani iliyosimama tangu betri yake ilipohamishiwa redioni, ilining'inia kwa miaka mingi picha moja ya watoto wa darasa la tano, iliyopigwa mwaka wa 1973, ambayo mgeni yeyote aliyeketi ili anywe chai hakupata kuondoka kabla ya kuitazama na kuyasikiliza maelezo yake tangu mstari wa mbele hata wa nyuma. Nakiri kwamba maelezo hayo yalikuwa marefu. Mke wangu alikuwa na desturi ya kwenda kutazama sufuria jikoni kila nilipofika mstari wa pili, na kwa jinsi sufuria zile zilivyotazamwa, sikumbuki kuona chakula kimeungua nyumbani kwangu siku tuliyokuwa na mgeni.

Upeo wa maelezo yangu ulikuwa mwisho wa mstari wa nyuma, upande wa kulia. Hapo ndipo nilipouweka ukucha wa kidole cha shahada, nikanyamaza kidogo kwa taadhima, kisha nikasema, "Na hapa ndipo nilipo mimi." Mgeni huinama, huvua miwani, huifuta, huivaa tena, na kwa kuwa aghalabu ni mtu wa adabu husema, "Ndiyo, Mzee, nakuona," ilhali kilichokuwa chini ya ukucha wangu hakikuwa uso, wala paji, wala hata nywele, bali ni sikio moja tu la kushoto, lililochungulia nyuma ya kichwa cha mvulana mwingine kama uyoga uliochipuka nyuma ya kisiki. Wajukuu wangu, ambao adabu yao bado inapikwa, walikwisha toa hukumu yao siku nyingi: "Babu, wenzako walikuwa watoto, wewe ulikuwa sikio."

Msomaji ambaye hajapata kufika Mavivi na aelewe kwamba ni mahali palipo kando ya barabara kuu itokayo Beni kuelekea Oicha na Komanda, mwendo mfupi tu kaskazini ya mji, na kwamba wasafiri wajisifuo kuwa wameshuka Beni kwa ndege hawakushuka Beni hata kidogo, bali wameshuka kwetu, maana uwanja wa ndege wa Beni uko Mavivi. Mji umechukua jina, sisi tumeachiwa ngurumo. Tulipokuwa watoto, hata hivyo, kilichonguruma masikioni mwetu kilikuwa malori ya kahawa, na mtu aliyesafiri hata Butembo, kilomita 50 na ushei kupita Beni, alirudi akizungumza kwa sauti ya chini, kama aliyeona mambo yasiyofaa kuambiwa kila mtu.

Mwaka ule wa 1973 ulikuwa zama za majina. Nchi yetu ilikwisha liacha jina la Kongo na kuitwa Zaire tangu tarehe 27 Oktoba 1971. Rais naye, ambaye wazazi wake walimwita Joseph-Désiré, mwaka wa 1972 alijipa jina refu la Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakaamriwa wayavue majina ya ubatizo waliyopewa na mapadre. Na hata Ziwa Edward, ambalo samaki wake ndio kitoweo chetu, liliamka siku moja ya mwaka huo wa 1973 likajikuta linaitwa Ziwa Idi Amin, habari ambayo kwa jinsi nionavyo samaki wenyewe hawakupelekewa, maana ladha yao haikugeuka.

Kwa makabila mengine amri ya majina ilikuwa ni huzuni ya moyo. Kwetu sisi Wanande ilikuwa ni msiba wa hesabu. Mila yetu (nasi wenyewe hujiita Wayira) humpa mtoto jina kwa zamu aliyozaliwa: mtoto wa kike wa kwanza ni Masika, mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na kadhalika, mpaka tumbo la mama litakapotangaza kwamba limechoka. Ni mila ya hekima, kwa kuwa mtu akilisikia jina lako hujua papo hapo umesimama wapi katika foleni ya kurithi shamba, lakini kwa mwalimu mwenye daftari la mahudhurio ni balaa. Zamani Mwalimu wetu alikuwa na Kambale Paulo, Kambale Petro na Kambale Bonifasi, akiwatambua kwa watakatifu wao. Watakatifu walipofukuzwa darasani, akabakiwa na akina Kambale sita watupu, akina Kasereka wanne, na akina Masika watatu, na alipoita jina moja waliitika wote kwa pamoja kama kwaya. Ni kweli kwamba kila mmoja alitakiwa atafute jina la babu liwe jina lake la pili, walakini mababu zetu nao walikuwa akina Kambale. Alhasili Mwalimu akatupiga namba, nami nikawa Kasereka wa Tatu, cheo ambacho hata leo, nikisinzia, huweza kukiitikia.

Kwa sababu hiyo hiyo nayataja majina haya bila hofu ya kumfedhehesha mtu. Atakayedai kwamba ndiye Kambale niliyemwandika hapa itambidi kwanza apange foleni na akina Kambale wote wa Beni na Butembo, na mpaka zamu yake ifike mimi nitakuwa nimekwisha zikwa.

Mpiga picha alitoka Butembo. Alifika juu ya lori, ameketi kwenye magunia matupu kwa namna ya sultani, amekumbatia sanduku lake kifuani, na aliposhuka alitutazama kwa huruma, kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kifupi akaambiwa ashone kanzu. Alikuwa na kamera ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Na kwa kuwa sisi tulikuwa hatujapata kuona mtu mzima akijificha ndani ya kitambaa mchana kweupe mbele ya watu, ilichukua muda mrefu kutunyamazisha. Mwalimu alimkabidhi karatasi aliyoiandika asubuhi, yenye majina 43 yamepangwa kwa mistari, mtu baada ya mtu, na tangu hapo akaamini kwamba kazi imekwisha, kama walivyokuwa wakiamini wakubwa wengi wa zama zile ambao kwao jambo likiandikwa karatasini huhesabiwa kuwa limetendeka.

Karatasi ile haikujua habari ya viatu. Darasa zima lilikuwa na jozi moja, mali ya Kambale wa Kwanza, ambaye baba yake alikuwa akinunua kahawa mashambani; na Kambale wa Nne, akiisha kuona kwamba ameandikwa kukaa mstari wa mbele ambako miguu haina pa kujificha, alikodi kiatu cha kulia kwa muwa mmoja na mandazi mawili, malipo yakitangulia. Mpaka leo katika picha wameketi wote wawili ubavu kwa ubavu, kila mmoja amenyoosha mguu wenye kiatu na kuuficha mtupu nyuma yake, kama korongo wawili waliokula njama. Kambale wa Nne alifanya mkataba wa kiatu, hakufanya mkataba wa soksi. Wageni wote huliona jambo hilo kabla sijalisema, na nilikuwa nikichukia, maana nilipenda kulisema mwenyewe.

Karatasi haikujua pia habari ya koti la Mwalimu. Koti la Kizungu na tai vilikuwa vimeharamishwa, na mwanamume mwenye heshima zake alipaswa kuvaa abakosti, vazi lililofungwa shingoni, lisilo na tai. Lakini abakosti iligharimu fedha, na Mwalimu alikuwa na koti moja tu, la tangu siku za Wabelgiji, zuri, zito, lenye kosi pana za kulaza kifuani. Alichofanya ni kuzikunja kosi zile kwa ndani na kuzishona kwa uzi mweusi, na mbele ya watoto na mbele ya wajumbe wa chama likapita kuwa abakosti bila mtu kuuliza neno.

Sasa nifike kwangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alishika itikadi kwamba mtoto asiyeng'aa ni mtoto asiye na mzazi, na siku ile mafuta ya kujipaka yalikuwa yamekwisha, hivyo akaingia jikoni akatoka na mawese, mekundu kama udongo wa barabara yetu, akanipaka tangu utosini hata kisigino, asiache mkunjo wa sikio. Nikaenda shule nikinukia maharagwe. Asubuhi haikuwa na neno. Lakini mpiga picha alitaka jua liwe juu, na Mwalimu alitaka watoto wawe wima, na mstari wa nyuma tulisimamishwa juu ya benchi lililoazimwa kanisani, ambalo mguu wake mmoja ulikuwa na ugonjwa wa siku nyingi, tukaamriwa tusitikisike. Na yale mawese, yaliyoganda kwa ubaridi wa alfajiri, yakaanza kuyeyuka na kuteremka, polepole, kwa mpango, mpaka tone moja likapita nyusi na kuingia katika jicho langu la kulia wakati ule ule sauti ilipotoka ndani ya kitambaa cheusi ikisema tusivute pumzi.

Kwa miaka 50 nimesimulia kwamba hapo nikainama kidogo ili nijifute, na kwa kuinama uso ukapotea nyuma ya Kambale wa Sita, sikio likasalia nje, na kamera ikalinyaka. Ushahidi wangu ulikuwa kwamba sikio lile pichani linang'aa. Kila mgeni alikubali kwamba linang'aa.

Aliyevuta pumzi, licha ya amri, ni Mwalimu mwenyewe. Kifua kilimjaa, uzi mweusi ukakatika, na ukosi wa kushoto ukaruka nje ya koti ukasimama, na hivyo ndivyo ulivyo katika picha hata leo, umesimama kama sikio la mbuzi aliyesikia kisu kinanolewa. Yaani picha yetu ina masikio mawili ya kusimuliwa, na la Mwalimu ndilo lililokuwa la hatari.

Nakala zilipokuja, miezi miwili baadaye, zilikuja na dereva wa lori, nami nilitumwa barabarani kuzipokea kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa mbio. Sita zilikuwa, katika bahasha isiyofungwa vema. Hapa yanibidi niseme jambo ambalo mke wangu alilijua lakini wageni hawakuambiwa: nilitoa moja nikaitia ndani ya shati. Mwalimu alipoifungua bahasha na kuuona ukosi wake umeinuka mbele ya nchi nzima, rangi ilimtoka. Akazihesabu, akapata tano, akamlaumu mpiga picha kwa udanganyifu wa nakala moja, akatutangazia kwamba picha zote zimeharibika kwa jua, na jioni ile moshi mwembamba ukaonekana nyuma ya nyumba yake. Hivyo iliyobaki duniani ni ile niliyoiiba, na lawama ya nakala ya sita aliibeba mtu wa Butembo ambaye hakuwa na hatia hata chembe. Nyuma ya nakala hiyo mpiga picha, mtu wa taratibu, alikuwa amenakili kwa mwandiko mzuri majina yote 43 kutoka karatasi ya Mwalimu, na la mwisho kabisa katika mstari wa nyuma ni "Kasereka". Bila namba.

Picha hiyo imesafiri kuliko wengi waliomo ndani yake. Mwaka wa 2014, mauaji yalipoanza vijijini kandokando ya Beni, tulikimbilia Butembo kama watu wengine. Mke wangu alijitwika godoro, mtoto alibeba kuku, nami nikabeba picha, jambo ambalo kwa habari ya sufuria zilizoachwa sikusamehewa. Katika hao 42 ambao nyuso zao zinaonekana wapo waliotutoka katika miaka ile. Nilipofika kwao katika maelezo yangu sikufanya mzaha. Nilikuwa nikiusogeza ukucha mbele.

Tulirudi, tukaondoka tena, tukarudi. Halafu ukaja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ambao haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, na njiani kila mahali kukawa na kizuizi, ndoo ya maji yenye dawa, na kijana aliyekuelekezea kipima joto cha paji la uso kwa namna ya kukushika mateka. Siku moja nilikuwa nikiipeleka picha mjini ikatiwe fremu mpya. Kijana wa kizuizini akanipima, akaridhika, kisha akaiona picha kwapani mwangu, akaitazama sana, akauliza kwa sauti ya kazi, "Baba, hawa wote umekutana nao katika siku 21 zilizopita?" Nikamjibu kwamba sikukutana nao tangu mwaka wa 1974, isipokuwa sikio hili, ambalo nimetembea nalo tangu asubuhi. Aliandika kitu katika daftari lake. Sikuthubutu kuuliza ni kitu gani.

Tashwishi ya kwanza niliipata kwa Masika wa Pili. Yeye katika picha ndiye aliyetoa ulimi, na leo ni mfanyabiashara mkubwa wa vitenge Butembo, mji ambao wanawake wake huzungumza habari za Dubai na Guangzhou kama sisi tunavyozungumza habari za kisima. Nilipita dukani mwake nikamkumbusha, kwa mzaha wa kizee, penseli niliyomwazima mwaka wa 1973 naye hakuirudisha. Hakucheka. Alimwita kijana wa ghala, na kabla sijakataa kwa nguvu za kutosha nilikuwa nimekumbatia katoni nzima ya penseli, akaniambia, "Chukua, Baba, isije ikawa deni mbele ya Mungu." Kisha akanikazia macho, akauliza, "Lakini wewe nawe ulisoma darasa letu? Ulikuwa unakaa wapi?"

Penseli zile wajukuu wanazo bado. Swali ninalo mimi.

Tashwishi ya pili ilikuja matangani. Tulikutana Butembo katika msiba wa mwenzetu mmoja wa mstari wa kati, nami nilikuwa nimeichukua picha ili wafiwa wamwone marehemu alipokuwa mtoto; wakamwona, wakalia, wakanishukuru, na mambo yangeishia hapo kwa heshima lau wasingalikuwapo pia Kasereka wa Kwanza, dereva mstaafu, na Kasereka wa Nne, aliyekuwa karani. Kasereka wa Pili hakuwa na shauri, uso wake wote unaonekana katika mstari wa pili. Lakini hawa wawili waliponiona naweka ukucha juu ya sikio walisema kwa pamoja, "Hilo ni langu." Nikawakumbusha, kwa upole uliofaa mahali pale, kwamba siku ile mmoja wao alikuwa kitandani kwa homa na mwingine amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Kila mmoja akaapa kwamba alikuja akichelewa. Tukaigeuza picha ili maandishi yaamue, na maandishi yakasema "Kasereka", ushahidi uliotutosha sote watatu sawasawa.

Basi tukatoka nje. Sijui ni nani aliyetoa wazo la kupima. Ninachojua ni kwamba wazee watatu wenye mvi tulisimama mbele ya nyumba ya msiba, ubavu kwa ubavu, tumegeuza nyuso upande mmoja, na kinyozi wa jirani akapita na uzi akipima masikio ya kushoto, huku mwingine ameishika picha juani ili kulinganisha. Waombolezaji wakaanza kukusanyika kimya. Mzee mmoja mheshimiwa, aliyetoka upande wa kwa mama wa marehemu, alitutazama hadi mwisho, kisha akamwuliza jirani yake kwa sauti ya unyenyekevu, "Hii ni mila ya upande gani?" Kinyozi alihukumu kwamba hakuna sikio hata moja linalolingana, lakini akaongeza kwamba masikio ya binadamu huzidi kukua kadiri anavyozeeka, na kwa neno hilo la mwisho kila mmoja wetu alirudi kwake akiwa mshindi.

Kilichoniangusha ni simu. Mjukuu wangu, ambaye anasoma Butembo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, alikuja likizo akanionea huruma, akasema, "Babu, mambo haya siku hizi hayahitaji uzi." Akaipiga picha ile picha kwa simu yake, akaweka vidole viwili juu ya kioo, akavitanua, na sikio likaja mbele yangu, kubwa, kubwa zaidi, mpaka likawa kama jani la muhogo. Lilikuwa linang'aa, kweli, nikaanza kusema, "Unaona?" Lakini yeye alikuwa amekwisha nyamaza. Katika ncha ya sikio palikuwa na tundu, na ndani ya tundu palikuwa na kijiti cha ufagio, kama wanachotiwa wasichana ili tundu jipya lisizibe.

Nilikaa. Nikaomba alikuze tena, kana kwamba kwa kulikuza lingeona haya na kuziba. Wasichana wa darasa letu walikuwa wachache, na wote nyuso zao zimo pichani. Nami mara mia nimezihesabu kwa kufuata majina 43 yaliyoandikwa nyuma. Ndipo nikakumbuka kwamba karatasi ya Mwalimu iliandikwa asubuhi, na kwamba asubuhi ile kulikuwa na msichana mmoja aliyeondolewa mstarini akatumwa mtoni kuchota maji ya mpiga picha, ambaye karatasini hakuandikwa kabisa. Huyo ni Kahindo, jina apewalo kwetu msichana anayezaliwa baada ya mfululizo wa wavulana.

Kahindo hakuhama Mavivi ila kwa kukimbia kama sote. Anauza mandazi kando ya barabara, karibu na njia iingiayo uwanja wa ndege, nami nimenunua kwake miaka mingi pasipo kuuliza habari ya masikio. Nilimpelekea picha nikiwa nimeifunga katika gazeti. Hakuvaa miwani. Aliitazama kwa muda ule ule anaohitaji kugeuza andazi moja, akasema:

"Hilo sikio langu. Lilikuwa limetobolewa wiki ile, lilikuwa linaniuma, ndiyo maana mama alilipaka mawese."

Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mwisho wa benchi.

"Wewe Kasereka? Wewe ulikuwa mtoni. Nilikutana nawe njiani ukilia, umeziba jicho, unanuka maharagwe. Nilikumwagia maji ya ndoo yangu usoni, ukaendelea kukimbia kushuka. Mimi nikafika juu, Mwalimu akaona benchi lina nafasi, akasema panda hapo haraka. Nikapanda, yule Kambale akanikanyaga, nikageuza kichwa. Uliporudi sisi tumekwisha tawanyika, ukauliza, 'Wamekwisha piga?'"

Alikuwa akiyasema haya huku akihesabu chenji ya mteja. Na mimi, ambaye kwa miaka 50 nilikuwa nimeliona tone la mawese likiteremka na kamera ikilia, nikaliona sasa jambo lingine, dhahiri shahiri, ambalo nilikuwa nimelifukia chini ya hayo yote: ndoo ya bati, maji ya baridi usoni, na mguu wangu ukiteleza katika tope la njia ya mtoni, na juu kule kilimani kimya cha watoto 43 waliozuia pumzi.

Nilijaribu kutetea kitu. Nikasema kwamba angalau picha ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeihifadhi.

"Uliipata wapi?" akauliza.

Nikanyamaza. Akaninyoshea andazi moja, akaichukua picha, akaifuta unga kwa kitenge chake, akasema kwamba kwa sikio la mtu kukaa kwangu miaka 50 pasipo kulipiwa kodi, na kwa wageni wote waliolitazama bila yeye kuambiwa, angeweza kunishitaki kwa mzee wa mtaa, lakini hataki maneno, picha itabaki kwake. Mke wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, na siku ile, kwa mara ya kwanza, wali uliungua.

Msomaji anayetaka kuwaona akina Kambale na kiatu chao na aifuate hiyo barabara ya uwanja wa ndege: picha imepigiliwa juu ya kibanda cha mandazi, na Kahindo huieleza mwenyewe, kwa ufupi kuliko mimi. Anunue kwanza. Kutazama bure kumekatazwa, hata kwangu.